Mgonjwa wa Akili Naye Apewe Jembe

Wazee wetu walituachia msemo ambao kila mtoto wa nchi hii aujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoudhani kuwa msemo wa ukali. Sivyo. Mtu akipewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Ana sehemu yake katika kazi, na kwa hiyo ana sehemu yake katika chakula na katika shauri. Asiyepewa jembe hubaki mgeni, hata akae miaka ishirini.

Wapo ndugu zetu katika Mkoa wa Mwanza waliofanywa wageni wa milele katika nyumba walimozaliwa. Hao ni wale wanaoishi na maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia. Wengine wamefungwa kamba au mnyororo nyuma ya nyumba. Wengine twawaona wakizurura masokoni na stendi, watoto wakiwafuata kwa mawe na kuwaita vichaa. Na wako wengine ambao hatuwaoni kabisa, kwa kuwa wamekaa chumbani au chini ya mwembe mwaka baada ya mwaka; wanaletewa chakula, wanafuliwa nguo, wala hakuna anayewaomba kufanya lolote.

Neno langu leo ni moja. Dawa ni ya lazima, lakini dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa huyu sharti afundishwe kazi za maisha hatua kwa hatua, karibu na nyumbani kwake. Na akiisha kujifunza, aachiwe azifanye. Hiyo si sadaka. Ni haki yake, na tena ni faida yetu sote.

MARADHI YENYEWE

Yafaa kwanza tuyajue maradhi tunayoyasema, kwa maana mtu hapigani na adui asiyemjua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa katika kila watu 300 duniani mmoja alikuwa akiishi na skizofrenia, jumla yao kama milioni 24. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza. Tukigawanya hesabu hiyo kwa kipimo cha dunia, tutapata watu kama 12,000. Hakuna aliyepita mlango kwa mlango kuwahesabu, lakini hesabu hiyo yatosha kutuonyesha ya kuwa hili si jambo la nyumba moja yenye mkosi. Ni jambo la kila kata, toka Ukerewe hadi Kwimba, toka Magu hadi Sengerema.

Maradhi haya yana sura tatu. Ya kwanza ndiyo tuijuayo sote. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwamba majirani wanamwinda, na maneno yake hayaungani. Sura hii ndiyo itishayo watu, na ndiyo dawa huitibu vizuri zaidi. Dawa ya kwanza ya namna hii, kloropromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952. Kabla ya hapo madaktari wa dunia nzima hawakuwa na mengi ya kufanya zaidi ya kufunga milango. Leo kuna vidonge, na kuna sindano ambayo mtu huchomwa mara moja kwa mwezi hivi, akaenda zake nyumbani.

Sura ya pili ni ya kimya. Moyo wa kutaka jambo hupoa. Mtu hajali kuoga, hataki kukaa na wenzake, husema kidogo, na lile lililomfurahisha zamani halimfurahishi tena. Sura ya tatu ni ya fikira: kukumbuka, kusikiliza kwa muda mrefu, kupanga lipi litangulie na lipi lifuate. Mpe maagizo matano kwa pumzi moja, atashika la kwanza, na yaliyobaki yatampotea njiani.

Sasa tazameni, ndugu. Sura hizi mbili za mwisho dawa huzigusa kidogo tu. Nazo ndizo zinazomzuia mtu kupika, kutunza fedha, kupanda daladala na kushika kazi. Hapo ndipo jamaa wengi hukosea. Mgonjwa ametoka hospitali, sauti zimenyamaza, hapigi kelele tena, lakini ameketi tu. Basi husemwa: "Amepona, sasa ni uvivu." Si uvivu. Mguu uliovunjika ukiisha kuunganishwa haumpeleki mtu mbio siku ile ile. Hufundishwa kutembea upya. Akili nayo ni vivyo hivyo.

Kisha liko jambo la umri. Skizofrenia aghalabu huanza mwishoni mwa ujana wa shule na katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huanza mapema zaidi kuliko wanawake. Huo ndio wakati kijana anapojifunza kuwa mtu mzima: kununua na kuuza, kuchumbia, kujitegemea, kusema na wakubwa na wadogo. Kijana aliyeugua akiwa na miaka 18, akapata nafuu akiwa na miaka 25, si kwamba amesahau mambo hayo tu. Mengine hakupata kuyajifunza. Wenzake walipokuwa wakifundishwa na maisha, yeye alikuwa akipambana na sauti. Je, ni haki kumlaumu kwa somo ambalo hakuwahi kulisomeshwa?

HILI SI JAMBO GENI KWETU

Wako wasemao kwamba mafunzo ya namna hii ni mambo ya Ulaya, ya nchi zenye fedha. Maneno hayo hayana ukweli. Historia ya nchi yetu wenyewe yayakanusha.

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu ya mahali pale toka enzi hizo. Serikali ya Waingereza nayo ilifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Reli ilifika Mwanza mwaka uliofuata, 1928. Mgonjwa wa huku aliyepelekwa Dodoma aliacha nyuma mama yake, lugha ya kwao na Ziwa lake. Shauri kubwa la watawala wakati ule lilikuwa kumwondoa mgonjwa machoni pa watu, mji utulie. Kama angerudi na namna gani ya kuishi, hilo halikuwa swali lao.

Baada ya uhuru nchi yetu ilijaribu njia nyingine. Vilianzishwa vijiji vya ukarabati ambamo wagonjwa waliopata nafuu walilima, wakafuga na kujifunza kazi kabla ya kurudi kwao. Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, na Vikuruti, pembeni mwa Dar es Salaam, ni majina yanayojulikana katika kazi hiyo. Wala hatukuwa peke yetu katika Afrika. Nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 mpango wake wa Aro, karibu na Abeokuta, ambapo wagonjwa walikaa na jamaa zao katika vijiji vya jirani, mchana wakapata matibabu hospitali, na maisha yao yakaendelea katikati ya watu. Dunia ilikuja kujifunza kwa Mwafrika huyo.

Kwa hiyo fikira hii ni yetu. Kasoro ya vijiji vya ukarabati ni kwamba ni vichache, na viko mbali na watu wengi. Kijana wa Sengerema akijifunza kulima mtama Hombolo, kisha akarudi mwaloni ambako riziki ni dagaa na sangara, amepata somo jema lakini si lile la kwao. Mafunzo yamfuate mtu alipo. Matibabu yenyewe yamekwisha kusogea: hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ina idara ya magonjwa ya akili na huhudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mtu wa Mwanza halazimiki tena kwenda Dodoma ili aonwe na daktari wa akili. Ikiwa dawa imesogea, kwa nini mafunzo yasisogee?

Na kwamba yawezekana bila majumba makubwa, tunao ushahidi wa jirani. Huko Ethiopia, katika wilaya ya Sodo, watu wa kawaida wa wilaya hiyo, si madaktari, walipewa mafunzo mafupi, wakawa wanawatembelea nyumbani watu wenye skizofrenia. Waliwafundisha wao na jamaa zao juu ya maradhi, juu ya dawa, juu ya kujitunza, juu ya kurudi katika kazi na katika shughuli za watu. Wagonjwa zaidi ya 150 waliingia katika uchunguzi huo. Kundi moja lilipata huduma ya kituo cha afya peke yake, na jingine likapata huduma hiyo pamoja na mafunzo ya nyumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja, waliopata mafunzo ya nyumbani walikuwa na uwezo zaidi wa kuendesha maisha yao kuliko wenzao. Ethiopia si nchi tajiri kuliko yetu. Waliyoyaweza wao, sisi yatushinde kwa nini?

NAMNA YA KUFUNDISHA

Mimi nilisomea ualimu, na katika chuo cha ualimu mtu hufundishwa kanuni tatu kabla ya zote: anza na kile ambacho mwanafunzi anakijua, toka kwenye jepesi uende kwenye gumu, usimfanyie mwanafunzi kazi ambayo anaweza kuifanya mwenyewe. Nimesoma habari za mafunzo ya maisha kwa watu wenye skizofrenia, nikaona kanuni ni zile zile. Tofauti ni kwamba hatua zake huwa fupi zaidi, na subira yake ndefu zaidi.

Chukueni kazi ya dagaa, ambayo kila mtu wa mwaloni anaijua. Sisi husema tu "kaanike dagaa", kana kwamba ni jambo moja. Si jambo moja. Ni kuamka alfajiri mitumbwi inaporudi, kupima kwa ndoo, kukubaliana bei, kuwatandaza juu ya chanja wasilaliane, kuwageuza, kuwaangalia ndege na mvua, kuwaonja kama wamekauka, kuwatia gunia, kuuza, kuhesabu fedha, kutenga mtaji wa kesho na chakula cha leo. Hizo ni hatua zaidi ya kumi. Mwalimu mwema huanza na moja: kutandaza. Hutandaza yeye, mwanafunzi akitazama. Kisha hutandaza pamoja. Kisha mwanafunzi hutandaza, mwalimu akitazama. Kisha mwalimu huondoka. Akifanya sawasawa, husifiwa papo hapo. Akikosea, huonyeshwa tena bila kelele. Wiki ijayo hatua ya pili.

Njia hii ndiyo hiyo hiyo kwa mambo ya nyumbani. Kuoga na kunyoa. Kufua. Kupika ugali, na mboga ya kuula. Kumenya viazi, kuvikata na kuvianika viwe michembe. Kutunza dawa mahali pamoja na kuzimeza saa ile ile, labda wakati wa kula, ili tendo moja likumbushe lingine. Kujua tarehe ya sindano. Kujua nauli ya kwenda kliniki na kurudi. Kumsalimu mtu na kumtazama usoni. Kusema "sitaki" bila ugomvi anapopewa bangi au gongo, vitu ambavyo havikosekani mialoni, na ambavyo huyarudisha maradhi kwa nguvu.

Viko na vya hatari ambavyo lazima vifundishwe. Baadhi ya dawa hizi huleta usingizi, au mikono kutetemeka, au mwili kukakamaa. Mtu wa namna hiyo asipelekwe ziwani usiku kuvua mpaka daktari aseme na mwili uzoee. Kazi za nchi kavu ni nyingi. Kloropromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Anayeitumia avae kofia na mikono mirefu anapoanika samaki. Naye aambiwe wazi: mambo hayo yakimsumbua, aende kliniki aseme, ili dawa ipunguzwe au ibadilishwe. Asiitupe. Wengi huacha dawa si kwa ukaidi, bali kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa wana haki ya kulalamika.

Kadhalika mgonjwa na jamaa zake wafundishwe dalili za maradhi kurudi. Usingizi hupotea. Mtu hujitenga. Huanza kuwashuku watu, huacha kuoga, husema peke yake kuliko kawaida. Dalili hizo huweza kuja siku au majuma kabla ya mambo kuharibika. Familia iliyozijua humwahisha kliniki akiwa anatembea kwa miguu yake. Isiyozijua humpeleka akiwa amefungwa kamba juu ya baiskeli.

Tena nawakumbusha akina baba wenzangu habari ya wanawake. Mwanamke akiugua skizofrenia, mara nyingi mume humrudisha kwao na watoto huchukuliwa. Akizurura usiku, wako watu wasio na haya wanaomwinda. Mafunzo yake yawe na mambo haya pia: mahali salama pa kulala, mtu wa kumkimbilia, uzazi wa mpango, na namna ya kumlea mtoto wake kwa msaada wa dada au shangazi. Kuugua hakumwondolei mtu umama.

WASEMAVYO WAPINZANI

Sasa niyajibu maneno tunayokutana nayo tukilisema jambo hili.

Wako wasemao: "Huyu amerogwa, na mafunzo hayaondoi uchawi." Sikuja kugombana na mtu juu ya imani yake. Nasema hivi tu: familia ikitaka kwenda kwa mganga au kanisani au msikitini kuombewa, na iende, lakini mganga na mchungaji wasimkataze mgonjwa dawa, wasimfunge, wasimpige, wasimnyime chakula. Na wakati wanapongoja uchawi kutoka, afundishwe kupika. Ugali hauulizi nani alimroga mpishi.

Wengine husema: "Ni watu wa hatari." Ukweli ni kwamba walio wengi katika watu hawa hawamshambulii mtu; wao ndio hupigwa, huibiwa na kudhulumiwa kuliko wengine. Mtu aliyeachwa bila dawa, mwenye njaa, anayepigwa mawe kila siku, huweza kugeuka. Mtu yeyote angegeuka.

Wengine husema: "Hawaponi, ni kupoteza wakati." Shirika la Afya Duniani lasema kwamba angalau mtu mmoja katika watatu wenye skizofrenia huweza kupona kabisa. Wengine hupata nafuu na kuishi vizuri maradhi yakiwapo, kama aishivyo mtu wa kisukari. Hatumwambii mwenye kisukari alale chumbani mpaka kifo. Ng'ambo ya Ziwa, katika hospitali ya Butabika mjini Kampala, wapo waliowahi kuwa wagonjwa ambao leo huwasaidia na kuwafundisha wenzao. Hao si wa kuletewa chakula. Hao ni walimu.

Na wengine, wenye huruma nyingi, husema: "Muacheni apumzike, maskini, amepata taabu ya kutosha." Hawa ndio wagumu zaidi kujibiwa, kwa maana wana moyo mwema. Lakini huruma inayomnyang'anya mtu kazi yake humwibia polepole. Kila unapomfulia shati ambalo angeweza kulifua, unamwambia bila maneno kuwa hawezi. Mwambie hivyo kwa miaka kumi, ataamini. Na mama huyo anayemfanyia kila kitu, siku atakapokufa, atamwachia nani?

KAZI SI UTUMWA

Hapa sharti niseme kwa ukali kidogo. Kuna mchezo mbaya mialoni na sokoni. Mtu akijulikana kuwa mgonjwa wa akili hupewa kazi ngumu kuliko wote: kubeba maji, kukokota mtumbwi, kuchimba choo, kupakia magunia. Jioni hupewa sahani ya ugali, au hapewi kitu, na watu hucheka. Wenye kufanya hivyo huweza kujitetea kwa maneno haya haya ninayoyaandika, wakasema kuwa "wanamfundisha kazi".

Hapana. Kazi bila ujira si mafunzo, ni utumwa, na nchi hii haikupigania uhuru ili baadhi ya watu wake wabaki watumwa wa wenzao. Tofauti yake ni rahisi kuiona. Mafunzo yana mwisho, utumwa hauna. Katika mafunzo mtu anajua leo jambo ambalo jana hakulijua. Katika utumwa hufanya lile lile mpaka achoke. Na mafunzo yakiisha, mtu hupata bei ile ile apatayo mwenziwe kwa ndoo ile ile ya dagaa. Balozi wa nyumba kumi aweza kulichunguza jambo hili bila kungoja amri ya mtu: mgonjwa anapofanya kazi, je, analipwa, na fedha yake anaishika nani?

YALIYO MIKONONI MWETU

Ndugu zangu, yako mambo yanayotaka Serikali, na yako yanayotutaka sisi. Tuyadai ya kwanza, lakini tusiyangoje ili tuanze ya pili.

Tunayoyadai ni haya. Dawa za akili zisikosekane katika vituo vya afya, maana mafunzo hayashiki kichwani mwa mtu ambaye dawa yake imekwisha tangu mwezi uliopita. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kazi hii ya kutembelea nyumba, kama walivyofundishwa wenzao wa Sodo. Tena halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiutazami ulemavu wa mwili peke yake. Yaitaja na akili. Lakini mara ngapi tumeliona kundi la watu walioishi na skizofrenia likipewa mkopo wa kununua chanja na ndoo? Maofisa wa maendeleo ya jamii walijibu swali hilo, na sisi katika mikutano ya mitaa tuliulize bila woga na bila matusi.

Yaliyo mikononi mwetu ni mengi zaidi. Kila kata ina jengo ambalo hukaa tupu siku mbili tatu kwa juma: ofisi, darasa, ukumbi wa kanisa au wa msikiti. Wapo walimu waliostaafu wenye subira ya miaka thelathini. Wapo mafundi cherehani, wapishi wa mama lishe, washonaji wa nyavu, wenye bustani za mchicha kando ya maji. Siku moja kwa juma yatosha kuanza. Watu watano watosha kuanza. Haba na haba hujaza kibaba. Muuguzi wa zahanati ya karibu ajulishwe, ili dawa na mafunzo viende pamoja. Jamaa waalikwe, kwa kuwa somo la Jumatano lisiporudiwa nyumbani Alhamisi hupotea. Na mara mtu mmoja wa kundi akiisha kusimama, apewe kazi ya kumfundisha wa pili.

Pale palipo na mnyororo, ufunguliwe, lakini usifunguliwe kwa kelele za kumwaibisha mzazi. Mzazi yule hakufunga kwa chuki. Alifunga kwa hofu na uchovu, kwa kuwa hakuna aliyemsaidia. Nendeni kwake wawili au watatu, pamoja na mhudumu wa afya. Mchukueni mgonjwa kliniki. Rudini juma lifuatalo. Akiona kuwa hamtamtupa, ataufungua mwenyewe.

Jambo la mwisho halihitaji hata senti. Mtu huyu ana jina. Mama yake alimpa jina, na jina hilo si "chizi". Asubuhi ukipita, msimamie, umwite kwa jina lake, umwamkie. Naye akichelewa kujibu, ungoje. Akikuuliza kama ipo kazi, usicheke. Mpe hatua moja anayoiweza, mwonyeshe, kisha mlipe.

Katika mkutano wa shina utakaofuata, kila mmoja wetu na aulize swali hili: katika nyumba zetu kumi, nani amekaa mgeni muda mrefu mno? Jibu likipatikana, kazi ianze juma hilo hilo.